Kumfundisha Mtoto Kuandika Barua ya Shukrani: Mfano wa Lemon Gaba, Juba

Utangulizi

Barua ya shukrani ni miongoni mwa tungo fupi zinazodharauliwa sana katika ufundishaji wa Kiswahili. Vitabu vingi vya kiada huigusa kwa aya moja chini ya mada ya barua ya kirafiki, kisha hukimbilia barua ya kuomba kazi na barua kwa mhariri. Mwalimu naye huona hapana la kufundisha: mtoto aandike asante, aweke jina lake, basi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba barua hii fupi ina mambo mengi ya lugha na ya malezi ndani yake, na kwamba ikifundishwa vibaya humzoeza mtoto kuandika asichokimaanisha.

Mfano wetu unatoka mtaa wa Lemon Gaba, jijini Juba, Sudan Kusini. Huko nilipata nafasi ya kuketi na kundi dogo la watoto wa kati ya miaka 9 na 13 waliokuwa wakijifunza Kiswahili jioni, uani kwa mlezi mmoja, chini ya mwembe. Nilipowaambia kuwa tutaandika barua za shukrani, msichana mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, nitamshukuruje mtu nisiyemjua?" Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuandika barua kama hizo mara kadhaa, akinakili ubaoni. Swali lake ndilo lililozaa makala haya.

Watoto na lugha zao

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini mwaka 1999 unataja Kiswahili, katika ibara ya 137, kuwa lugha ya mawasiliano itakayoendelezwa. Hata hivyo, Kiswahili kilifika Juba kabla ya mikataba hiyo. Kililetwa na madereva wa malori, wafanyabiashara kutoka Kenya na Uganda, na zaidi ya wote na wakimbizi waliorudi. Mtoto aliyesoma katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa kaskazini mwa Kenya mwaka 1992, alifuata mtaala wa Kenya, na Kiswahili kilikuwa somo la lazima. Aliyekulia katika makambi ya kaskazini mwa Uganda huenda alikisikia sokoni tu.

Kwa hiyo chini ya mwembe mmoja utamkuta mtoto anayesoma gazeti la Kiswahili bila taabu, na mwenzake anayejua "habari" na "bei gani". Kinachowaunganisha ni Kiarabu cha Juba, lugha ya mtaani na sokoni, pamoja na Kiingereza cha shuleni. Nyumbani kuna Kibari, Kidinka, Kinuer, Kizande na nyinginezo. Mwalimu wa Kiswahili asiione hali hii kuwa mzigo. Hata jina la mtaa wao linaweza kuwa somo: "gaba" katika Kiarabu cha Juba ni msitu, nalo ni ndugu wa neno letu "ghaba". Mtoto akilijua hilo, huanza kuamini kwamba Kiswahili hakimwanzi pasipo kitu.

Barua iliyonakiliwa ubaoni

Watoto wengi wa mitaa kama hii wamewahi kuandika barua ya shukrani kwa mfadhili. Barua hizo hufanana kama matofali ya tanuri moja:

"Mpendwa mfadhili, natumai u mzima wa afya kama nilivyo mimi. Madhumuni ya barua hii ni kukushukuru kwa msaada wako. Ninasoma kwa bidii. Mungu akubariki."

Kisarufi barua hii haina kosa. Kasoro yake ni kwamba haina mtu. Aliyeandika hajulikani ni nani, alichopewa hakitajwi, na kilichotokea baada ya kupewa hakisemwi. Ukibadilisha majina ya watoto kumi na wanne, barua zote zitabaki kuwa moja.

Madhara yake ni makubwa kuliko tunavyodhani. Kwanza, mtoto anajifunza kwamba kuandika ni kunakili. Pili, anajifunza kwamba shukrani ni kodi wanayotozwa wanyonge na wenye nguvu, kwa hiyo haielekezwi kamwe kwa dada, kwa jirani au kwa mama muuza chai. Tatu, Kiswahili chake cha kwanza cha maandishi kinakuwa maneno asiyoyaamini. Mtoto aliyeanza hivyo ni kazi ngumu kumrudisha.

Asili ya maneno mawili

Kabla ya kumwambia mtoto aandike, inafaa mwalimu mwenyewe ayaelewe maneno anayoyafundisha. "Asante", au "ahsante", limetokana na neno la Kiarabu "ahsanta", yaani umetenda vema. Sisi tumelifanya kuwa neno moja lisilobadilika, tukaliongezea tu "-ni" kwa watu wengi: asanteni. Ila maana ya asili inatufaa sana darasani. Anayesema asante anamtazama mtenda na tendo lake. Basi palipo na asante pana swali: ametenda nini?

"Shukrani" na "kushukuru" vinatazama moyo wa aliyepokea. Ndiyo maana mtu akiulizwa habari yake anaweza kujibu "nashukuru" pasipo kumtaja yeyote. Barua njema huwa na yote mawili, yaani tendo la aliyetoa na hali ya aliyepokea. Hapo sasa mtoto hana haja ya kuandika asante mara tano katika mistari sita, kama wengi wafanyavyo wakidhani wingi wa neno ndio uzito wa shukrani.

Jambo jingine la kuzingatia ni desturi. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki ndugu wa karibu hawashukuriani kwa maneno mengi. Ukimshukuru shangazi kupita kiasi anaweza kuuliza, "Wanishukuru kama mgeni?" Shukrani huonyeshwa kwa kazi, kwa dua, au kwa kutorudisha sahani ya jirani ikiwa tupu. Je, barua ya shukrani ni jambo la kigeni basi? Hapana. Ila inatupasa tuiandike kwa namna isiyomgeuza ndugu kuwa mgeni. Njia iliyotufaa Lemon Gaba ni hii: badala ya kurudia asante, mtoto aeleze habari ya kile alichopewa. Kimefika? Kinamfaaje? Kimebadilisha nini? Shangazi aliyetuma viatu hahitaji kusifiwa. Anataka kujua kama vimemtosha mtoto. Kwa ufupi, habari ndiyo shukrani.

Hatua za kufundisha

Mpangilio ufuatao ulifuatwa kwa majuma manne, na unaweza kupunguzwa au kuongezwa kulingana na darasa.

Hatua ya kwanza ni mazungumzo bila kalamu. Kila mtoto amtaje mtu mmoja wa karibu aliyemtendea jambo juma hilo hilo. Tulipiga marufuku kumtaja mtu wa mbali. Mwanzoni palikuwa kimya. Baadaye walianza kutajwa kaka aliyemtengenezea mdogo wake begi, jirani aliyempa mtoto kivuli mvua iliponyesha, na kijana wa bodaboda aliyempeleka mgonjwa bila kudai nauli.

Hatua ya pili ni sentensi moja ya tendo. Mtoto aandike nani alifanya nini: "Ulinishonea begi." Asiongeze kitu.

Hatua ya tatu ni sentensi mbili au tatu za habari. Mwalimu auliza, "Kisha ikawaje?" Swali hili likiulizwa mara mbili au tatu, barua hujiandika yenyewe.

Hatua ya nne ni kuvika barua nguo zake: tarehe, mtajo, salamu fupi, hitimisho na jina. Vitabu huanza na nguo hizi, na hapo ndipo mtoto anapochoka kabla hajafika kwenye kiini. Sisi tulizileta mwisho. Salamu si kitu cha kuruka, kwani barua ya Kiswahili bila salamu ni kama kuingia nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi. Barua za Kiswahili za kale zaidi zilizohifadhiwa, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu na kutunzwa Goa, India, ni ushahidi kwamba watu wetu wamekuwa wakiandikiana kwa zaidi ya karne tatu. Lakini salamu isiwe wimbo uliokaririwa. Kama nyumbani kuna mgonjwa, mtoto aseme.

Hatua ya tano ni kupeleka. Barua ambayo mwalimu ameisahihisha kwa wino mwekundu kisha akaifungia kabatini haikuandikwa kwa mtu yeyote. Masahihisho yawekwe kwenye karatasi nyingine, mtoto anakili upya, na barua iende. Ya jirani hupelekwa kwa mkono. Ya Nairobi au Eldoret hukabidhiwa msafiri wa basi, ikapita barabara ya Nimule yenye kilomita 192 hadi mpakani na kuendelea kupitia Uganda. Siku hizi hupigwa picha na kutumwa kwa simu. Hakuna ubaya, mradi iwe imeandikwa kwa mkono wa mtoto.

Hii ni mojawapo ya barua zilizopatikana kwa njia hiyo:

"Shangazi mpenzi,
Hujambo? Sisi hatujambo, ila mtoto ana mafua. Viatu ulivyonitumia vimefika. Vilikuwa vikubwa kidogo, mama akatia pamba kwa mbele. Zamani mvua ikinyesha nilivua ndala nikazishika mkononi. Sasa napita matopeni na viatu mpaka darasani. Asante kwa kuninunulia. Msalimie bibi.
Ni mimi mwanao."

Neno asante limetumika mara moja tu, nalo limetosha.

Sarufi ndani ya shukrani

Mwalimu asidhani kwamba kwa kufanya hivi ameacha sarufi. Barua ya shukrani ni mahali pazuri kuliko pote pa kufundishia kauli ya kutendea pamoja na kiambishi cha mtendwa. Tendo la wema hufanywa kwa ajili ya mtu, na Kiswahili hulisema hilo ndani ya kitenzi: nunua, nunulia, ulininunulia; beba, bebea, ulinibebea; pika, pikia, ulinipikia; soma, somea, ulinisomea; leta, letea, uliniletea.

Kwa mtoto wa Juba hapa ndipo penye ugumu. Kiarabu cha Juba huweka "ana" kwa mimi na "ita" kwa wewe, kila neno likisimama peke yake. Anayetaka kuletewa kitu husema "jibu le ana", na neno "le" ndilo linalobeba maana ya kwa ajili ya. Matokeo yake mtoto huandika "mimi nashukuru wewe" na "ulileta viatu kwa mimi". Makosa haya hayatokani na uvivu. Ni sarufi ya lugha yake ya mtaani ikivaa maneno ya Kiswahili. Mwalimu ayaweke mawili kando kwa kando ubaoni, "mimi nashukuru wewe" na "nakushukuru", awaulize watoto "mimi" na "wewe" wamejificha wapi. Wakiwapata ndani ya "na-ku-", hufurahi kama waliofumbua kitendawili.

Kuna pia maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana. Yafuatayo yalitusumbua na kutuchekesha. "Jibu" kwao ni leta. "Jawabu" letu linafanana na "jawab" lao, ambalo ni barua, hivyo "naomba jawabu" kwa mtoto huyo ni kuomba aandikiwe barua. Na "moyo" katika Kiarabu cha Juba ni maji. Nilipoandika ubaoni "nakushukuru kwa moyo wote", mtoto mmoja alicheka, akauliza kama ni maji yote ya kwenye pipa. Katika mji ambao familia nyingi hununua maji ya gari la tangi, yaliyochotwa mto Nile, hiyo ingekuwa shukrani ya gharama! Tangu siku hiyo hakuna aliyesahau maana ya moyo.

Mtajo na heshima

Watoto wengi wa Juba humwita kila mwanamume mkubwa "anko". Katika barua ya shukrani tuliwataka waseme ni nani hasa. Lugha za nyumbani zinasaidia hapa kuliko Kiingereza. Kidinka, mathalani, hakimchanganyi ndugu wa baba na ndugu wa mama, kama ambavyo Kiswahili hutenga baba mdogo na mjomba. Mtoto anapotafuta neno sahihi anaulizia nyumbani, na huo nao ni ujuzi.

Kuhusu "shikamoo", ifundishwe kwa kueleza inapotumika. Bibi wa Tanga ataitarajia; mama mlezi wa Eldoret huenda ameizoea kidogo tu, na "hujambo mama" pamoja na kuulizia hali ya nyumbani vitamtosha. Heshima iko katika kumjua unayemwandikia. Hitimisho nalo lifuate uhusiano: mwanao, mjukuu wako, mdogo wako. "Wako mtiifu" tumwachie mwombaji kazi.

Vipi kuhusu mfadhili?

Sisemi barua kwa wafadhili ziachwe. Aliyetoa ana haki ya kupata habari. Lakini zije baada ya mtoto kujua kuandika kwa watu wake, naye aandike kwa mtindo ule ule: mimi ni nani, kimefika nini, kinanifaaje. Aongeze na swali moja, kwa kuwa kuuliza humfanya mtoto awe mwenzi katika mazungumzo badala ya kuwa mpokeaji tu. Yule msichana aliyeuliza swali la kwanza aliandika hatimaye, "Sikujui, lakini daftari zako nazijua. Moja nimeandika hesabu, moja nimempa mdogo wangu. Je, kwenu kuna mvua?" Mwalimu ajiepushe na mambo mawili: kumtaka mtoto asimulie mateso yake ili barua iguse, na kuiandika upya kwa Kiswahili chake mwenyewe. Kosa la tahajia la mtoto lina thamani kuliko ufasaha wa kuazima.

Mtoto aliyeacha karatasi tupu

Liko jambo la mwisho ambalo halimo katika mwongozo wowote niliousoma. Katika kundi lile mvulana mmoja hakuandika kitu. Alikuwa akingoja ada aliyoahidiwa na ndugu, na ada haikuja. Nilikaribia kumwambia methali yetu, kwamba asiyeshukuru kidogo hashukuru kingi. Nashukuru kwamba nilinyamaza. Shukrani inayolazimishwa kwa mtoto aliyeumia ni uongo wa pili juu ya ahadi ya kwanza. Nilimwambia karatasi ni yake, akae nayo.

Juma lililofuata alileta mistari hii, kwa dada yake:

"Dada, jana mkono wangu ulikuwa na jipu. Ulinibebea dumu langu pamoja na lako. Hukumwambia mama kwamba sikubeba. Nilifika shule kabla ya kengele. Kesho nitabeba yote mawili."

Barua hii haina tarehe, haina salamu, wala neno asante halimo. Mwalimu afuataye mwongozo wa kusahihisha angeikata alama nyingi. Mimi nilimpa zote, nikamwomba aongeze tarehe tu, kisha aipeleke. Tendo limetajwa, habari imetolewa, na mwisho upo kwa njia ya kazi, kama desturi za nyumbani zinavyotaka. Aidha, imemwendea mtu ambaye kwa kawaida hashukuriwi na yeyote. Msichana anayebeba maji kila alfajiri huonekana anatimiza wajibu wake tu, na wajibu hauandikiwi barua.

Hitimisho

Tumeona kwamba barua ya shukrani inafundisha kauli ya kutendea, viambishi vya watendwa, majina ya ukoo na adabu ya salamu, yote katika mistari sita. Tumeona pia kwamba mafanikio yake yanategemea mambo matatu: imwendee mtu anayejulikana, itaje tendo lenyewe, na itoe habari ya matunda yake. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Hiyo ni adabu ya mtenda, asingoje malipo. Adabu ya aliyetendewa ni nyingine, nayo ni kumfuata huko aendako, japo kwa kipande cha karatasi.

Kwa walimu wanafunzi watakaokwenda mazoezini muhula ujao, ombi langu ni moja. Kabla ya kuwafundisha watoto, kila mmoja wenu aandike barua kama hiyo kwa mtu wa karibu, kisha aipeleke. Atakayeshindwa kupita mstari wa pili atakuwa ameelewa kwa nini watoto hunakili ubaoni.